Kivinjari kinadhani kompyuta yangu ina mwenyewe mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Nina duka la stesheneri hapa Chake Chake, Pemba. Natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti, na miaka hii ya karibuni kazi iliyozidi zote ni kuwajazia watu fomu kwenye intaneti. Kompyuta ninazo tatu. Wanaozikalia kwa siku moja ni wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka nyuso zao.

Kilichonifanya niandike ni karatasi moja.

Alikuja mama mmoja kutoka Ole na binti yake aliyemaliza skuli. Binti anaomba nafasi ya masomo, na fomu yenyewe ni ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Akajaza mwenyewe, taratibu, mama yake amekaa pembeni na mkoba wa vyeti mapajani. Alipofika ukurasa wa mwisho, ule unaokuonesha yote uliyoyajaza ili uhakiki, akaniita nimchapie. Nikabonya, printa ikatoa, nikampa. Nikamuona anasoma, kisha anaikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka ikawa ndogo kama hirizi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, naomba unitolee nyengine. Hii ina makosa."

Mama yake anaitwa Mtumwa. Ni jina letu la siku zote, na huku Pemba hakuna anayelishangaa. Lakini kwenye karatasi ile, penye jina la mama, palikuwa na neno la Kiingereza la mtu anayenunuliwa na kuuzwa. Ukurasa mzima ulikuwa umejigeuza Kiingereza. Chake Chake imekuwa "yake yake". Mkoani, alikozaliwa binti, imekuwa "ndani ya mkoa". Ulifunguka kwa Kiswahili, na wakati mimi nashughulika na printa ndipo ulipogeuka. Sikuusoma tena. Nachapa fomu nyingi, macho yangu huangalia kama pembezo hazikukatika, basi.

Mama mwenyewe hasomi Kiingereza. Aliuliza tu, "Kuna nini?" Binti akamwambia wino haukutoka vizuri.

Nilitoa nyengine bila malipo. Jioni, baada ya kufunga, nikakaa na kompyuta ile kutafuta kilichotokea. Aliyetangulia kwenye kiti kile alikuwa mtalii aliyekuja kuchapa tiketi ya boti. Kivinjari, ndiyo ile programu tunayofungulia kurasa, ambacho usiku wa kuamkia siku ile kilikuwa kimejisasisha chenyewe, kilimtolea kidirisha cha kumuuliza kama angependa kurasa za Kiswahili zitafsiriwe siku zote. Kwake ni jambo la kheri, akakubali. Akalipa, akaenda zake bandarini. Kivinjari kikabaki na ruhusa yake kana kwamba ni ruhusa yangu na ya kila atakayekaa pale.

Hilo ndilo tatizo lote, Mhariri. Kivinjari (wateja wangu wengi hukiita "intaneti" yenyewe na mimi sijapata kuwakosoa) kinadhani kila kompyuta ina mwenyewe mmoja. Mtu mmoja, ana chumba chake, ana meza yake, ana lugha moja, na kifurushi chake hakiishi. Kila kitu kipya kinacholetwa kimekatwa kwa vipimo vya mtu huyo. Huku kwetu kompyuta ni kama kisima. Anakuja huyu na ndoo yake, anaondoka, anakuja mwengine. Hakuna anayetaka kukuta kisima kimejaa mambo ya aliyemtangulia.

Sitakitaja kivinjari hicho kwa jina, kwa sababu tabia yenyewe haiko kwa mmoja tu.

Mie si mtu wa kuogopa mashine. Kazi ya uchapaji niliianza mwaka 1991 kwa taipureta ya Olympia, katika ofisi moja hapa Chake. Herufi A ilikuwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na mpaka leo iko palepale. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ni mwaka uleule ambao Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, aliwatangazia watu wavuti wake, yaani huu mtandao wa kurasa tunazozifungua. Kivinjari cha kwanza alikiandika mwaka 1990, na kiliweza kusoma ukurasa na kuuandika pia. Umeme wa kutoka Tanga ulipotufikia mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari, tukapumzika na majenereta ya Wesha, mimi nikathubutu kununua kompyuta ya kwanza. Tangu hapo nimejifunza kila kilichokuja. Ila kujifunza upya kitu nilichokuwa nakijua jana, kwa sababu mtu ameamua kukihamisha usiku, hilo linanichosha.

Chukua mfano wa kupakua. Zamani faili ulilolipakua lilijitokeza chini ya dirisha, kwenye utepe mpana, hata mzee mwenye miwani mizito aliliona. Mwaka 2023 utepe ule uliondolewa. Sasa kuna kimshale kidogo juu kulia, kinapepesa mara moja na kutulia. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa anabonya, anatazama chini, haoni kitu, anabonya tena. Nilipofungua folda nikakuta fomu, fomu (1), fomu (2), mpaka fomu (5), na kila moja imekula kifurushi changu. Mteja anasubiri, anahisi sisi ndio hatujui kazi. Ni sawasawa na mtu akukute umeanika karafuu zako kwenye jamvi, azikusanye na kuzianika nyuma ya nyumba, kisha akwambie huko kuna jua zaidi. Pengine kweli lipo. Lakini mimi nimerudi shamba naona jamvi tupu.

Na ukurasa mpya nao. Ulikuwa mweupe, una kisanduku cha kutafutia na basi. Sasa umejaa habari ambazo sikuziomba, picha juu ya picha. Ramadhani iliyopita ustadhi wa madrasa alikuja mchana kuchapa mitihani ya watoto. Nikafungua kichupo kipya ili niingie kwenye barua pepe, ikatangulia picha ya mwanamke wa ufukweni, nguo yake ingetosha kufungia maandazi mawili. Ustadhi akatazama dari. Mimi nikatazama kibodi. Tukakaa hivyo mpaka ukurasa wa barua pepe ukafunguka, na mtandao siku ile ulikuwa wa kujivuta.

Hilo nalieleza nikicheka. La nywila, yaani neno la siri, silicheki. Maalim mmoja alifungua barua pepe yake dukani kwangu kutuma maswali ya mtihani kwa mwenzake. Kikatokea kidirisha, tuhifadhi nywila? Kitufe cha kukubali kikubwa na cha rangi, cha kukataa kimepauka. Maalim alikuwa na haraka, akabonya kilichokuwa karibu. Siku mbili baadaye akakaa kijana wa skuli ileile anayosomesha, akaenda kwenye ukurasa uleule, na kivinjari kwa ukarimu wake kikamjazia jina la Maalim na nywila yake. Kijana akaniita, "Bi mkubwa, hii imeniingiza kwa Maalim." Mungu ambariki. Ningekuwa mimi nina miaka kumi na sita, na mtihani ni wa wiki ile, sijui kama ningemwita mtu.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Unguja, alinicheka nilipomsimulia. "Shangazi, hiyo ni apdeti tu, utazowea." Nikamwambia watu niliozowea kuwafanyia kazi wanabadilika kila nusu saa, nani atakayezowea hapo? Akanionesha namna ya kukifungua kivinjari kwa hali ya mgeni, ili anapoondoka mtu kila kitu chake kifutike. Nakiri inasaidia, na wenzangu wenye maduka kama langu ambao hawaijui waitafute leo. Lakini imejificha nyuma ya kijipicha cha pembeni, nyuma ya orodha, kama kopo la sukari lililofichwa watoto wasilione, wakati kidirisha cha kuhifadhi nywila kinakurukia usoni.

Halafu amekuja mgeni wa mwisho, akili unde, hiyo inayoitwa AI. Upande wa kulia wa dirisha kuna kijumba kinachojifungua chenyewe na kuuliza, kwa Kiingereza, kama nataka kisaidie kuandika au kifupishe ninachokisoma. Sina ugomvi na akili unde kwa ujumla wake. Nimemuona mwanafunzi akieleweshwa hesabu na chombo hicho vizuri kuliko nilivyoeleweshwa mimi. Ila nieleze kazi yangu ilivyo. Watu hunijia kuandikiwa barua. Mwanamke anataka kupeleka malalamiko yake kwa Kadhi, mume kaondoka mwaka wa tatu huu, hana matumizi, hana talaka. Hunieleza taratibu, nafunga mlango nusu, nageuza kioo cha kompyuta kisionekane nje. Kuna maneno ameyasema kwangu ambayo mama yake hayajui. Siku moja tumefika katikati ya maelezo hayo, nayaandika kwenye barua pepe kama alivyotaka, kijumba kikafunguka, maandishi yakaanza kutembea peke yake. Akanishika mkono. "Nani huyo anaandika?"

Nilimjibu ni kompyuta tu. Hakuniamini, na sikuwa na la kumthibitishia. Maandishi yake yalisomwa wapi ili kijumba kile kijue kupendekeza sentensi inayofuata? Humuhumu ndani ya mashine au kwenye kompyuta ya kampuni iliyo nchi nyengine? Maelezo yapo, marefu, kwa Kiingereza cha wanasheria, yule mwanamke hawezi kuyasoma na mimi sikuyamaliza. Barua ile tuliimalizia kwa kalamu.

Najua watakaosema, kama hutaki mapya usisasishe. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kompyuta yangu ya tatu ni ya zamani, ina Windows 7. Mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7, kwa hiyo kivinjari cha mashine ile kimesimama palepale. Hakuna kijumba, hakuna kinachohama usiku. Ndiyo kompyuta yenye utulivu kuliko zote dukani, na ndiyo ya khatari kuliko zote, kwa sababu tundu za kiusalama zinazogunduliwa sasa haziwezi kuzibwa huko. Kurasa nyengine zimeanza kuikataa. Siruhusu mtu aingie kwenye pesa zake wala barua pepe yake kwa mashine ile. Naitumia kuchapa tu.

Hapa ndipo ninapowashika wenye vivinjari. Wamefunga vitu viwili kwenye fungu moja. Dawa ya kuziba tundu, ambayo naihitaji na nitaipokea hata kila siku, na mapambo ambayo sikuyaagiza. Huwezi kuchukua hiki ukaacha kile. Tena yanakuja mbio. Chrome ilikuwa ikitoa toleo jipya kila wiki sita, mwaka 2021 ikaenda kila wiki nne. Firefox, kivinjari chengine, ilishaingia kwenye wiki nne mwaka mmoja kabla yake. Mtu aliyekuja kwangu kufungua matokeo ya mwanawe Januari, akirudi msimu wa karafuu, hakuti kilekile alichokiacha. Anaona haya kuuliza. Wazee wengi huacha kabisa kujaribu, wanampa mjukuu, na mjukuu anajua nywila ya babu.

Na wasiniambie haiwezekani kuvitenganisha, kwa sababu kuna waliovitenganisha. Firefox ina toleo linaloitwa ESR, lipo tangu mwaka 2012, limekusudiwa maofisi na mataasisi. Matengenezo ya usalama hulifikia kama kawaida, lakini sura na vitu vipya hubadilika baada ya kipindi kirefu, kiasi cha mwaka mmoja hivi. Nimeliweka kwenye kompyuta moja na nimepata nafuu ya kweli. Swali langu ni kwa nini utulivu uwe haki ya ofisi kubwa zenye fundi wa kompyuta, na duka la Chake Chake lilijue hilo kwa bahati, kwa sababu tu mwenye duka ana mtoto wa kaka yake Unguja.

Kuhusu lugha nitasema kidogo tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iliyofanywa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na watu walikaa wakabishana neno moja moja. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Leo vitufe vya zamani kwenye kivinjari vina Kiswahili chake, kichupo, alamisho, mipangilio, lakini kila kitu kipya huja kwanza kwa Kiingereza. Kwa hiyo mteja wangu huulizwa ruhusa kwa lugha asiyoijua, na anapobonya ili kidirisha kimwondokee machoni, huandikwa kwamba ameridhia.

Sasa nikuombe jambo la hapa nyumbani, kwa sababu wakubwa wa makampuni hayo hawalisomi gazeti lako. Baada ya mkasa wa binti wa Ole, nilimuuliza yule mtoto wa kaka yangu kama kuna dawa. Akaniambia anayetengeneza ukurasa wa fomu anaweza kuweka alama ndani ya ukurasa, mtu haioni lakini kivinjari kinaisoma, inayosema sehemu hii isitafsiriwe. Ni neno moja tu kwenye msimbo. Jina la mtu, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, shehia. Yakiwekewa alama ile, kivinjari hakiyagusi. Fomu nyingi tunazojaza watu wa Unguja na Pemba zinatengenezwa na vijana wetu wenyewe. Nawaomba waiweke. Majina ya watu wetu mengi yana maana kwa Kiswahili, kuna Bahati, kuna Shida, kuna Tatu, kuna Hamsini, na siku kidirisha kitakapokubaliwa na mpita njia, Tatu atakuwa namba.

Na walimu wanaosomesha kompyuta skuli, wakishawafundisha watoto kuwasha, wawafundishe na kuzima. Waanze na vidirisha vya ruhusa. Mtoto akione kitufe kilichopauka, akijue kazi yake.

Mie kwangu nimeandika karatasi nimeibandika juu ya kila kioo, kwa wino mwekundu, "Ukiulizwa kitu usichokielewa, usibonye, niite." Naitwa kutwa nzima. Kijana ananiambia hii si biashara, ni uangalizi wa wagonjwa.

Binti wa Ole alirudi wiki iliyopita kuchapa majibu yake. Amekubaliwa, namshukuru Mungu. Nikamtolea karatasi, nikamwambia ni shilingi mia mbili. Alishika noti mkononi, hakunipa. Akasoma kwanza mstari wa jina la mama, kisha ndipo akanipa.

Mwenye duka la stesheneri,
Chake Chake, Pemba
(Jina langu unalo, Mhariri, lakini naomba usilichape.)